Ndevu za Baba na Funzo la Wiki

Jumatatu, 3 Juni

Mke wangu kauliza kwa nini naandika kwenye daftari la funguo za wateja. Nimemjibu kwamba kuanzia leo daftari hili ni la mambo ya roho. Akaguna, akaendelea kuchambua mchele.

Chanzo ni jana. Kanisani kwetu, kabla ya mahubiri, muumini mmoja husimama dakika tano kutoa Funzo la Wiki. Anasimulia jambo la kawaida lililompata na Mungu alichomfundisha kwalo. Jana ilikuwa zamu ya Mshonaji. Kibanda chake kimegusana na changu, mimi nachonga funguo, yeye anashona, katikati yetu bati moja. Akasimama, mpole, hata mate hamezi kwa sauti. Akasema uzi ulimkatikia mara saba kwenye suruali moja. Akaulaumu uzi, akamlaumu aliyemuuzia uzi, mwisho akagundua sindano kaipachika kinyume yeye mwenyewe. Basi! Amina zikamwagika. Nilihesabu. Kumi na tisa, na moja ni ya mchungaji. Mimi mwezi uliopita nilipata nne, na moja ilikuwa ya mke wangu, tena baada ya kumpiga kiwiko.

Halafu tangazo. Mwisho wa mwezi kuna mkutano mkubwa wa makanisa yote. Mmoja wetu atatoa Funzo mbele ya maelfu ya watu! Wazee wamebakiza majina mawili, la Mshonaji na langu. Jumapili hii tunasimama wote wawili, wao wanaamua.

Kufuli na ufunguo sivigusi. Nimeshavitolea mafunzo matatu, na mzee mmoja wa kanisa aliniambia kwa upole kwamba sasa wameelewa.

Jioni baba aliniita chumba cha uani. Kifua kimembana tangu mwezi jana, hatoki kitandani. Jumamosi mchungaji anamletea meza ya Bwana hapa nyumbani, na baba anasema hawezi kumpokea Bwana na ndevu za beberu. Anaomba nimnyoe. Mke wangu alijitolea, lakini baba anaona haya mkwewe kumshika kidevu. Nimemwambia kesho, baba.

Jumanne, 4 Juni

Nimeamka na akili mpya. Funzo halisubiriwi, linatengenezwa! Mtu anapoteza kitu cha thamani, anakitafuta kwa machozi, anakipata, anaita majirani wafurahi naye. Kila mtu analijua hilo, lakini nani kanisani kwetu limempata kweli? Hakuna.

Mke wangu alivua pete ya ndoa afue. Nikaichukua, nikaizamisha kwenye debe la unga wa ngano. Mpango: atafute hadi saa sita, alie kidogo, niingie mimi, niombe, niongozwe moja kwa moja hadi kwenye debe.

Saa sita nikarudi. Machozi yapo, tena kupita kiasi nilichopanga. Nikafumba macho, nikaomba kwa sauti, nikatembea hadi jikoni. Debe tupu! Kumbe jirani yetu mwoka mikate aliishiwa asubuhi, na mke wangu, kwa huruma zake, kampa unga wote. Nikatimka hadi kwa mwoka mikate. Mikate imeshatoka, imeshauzwa, mama wa watu anafuta meza. Nikamuuliza kama huwa anachekecha unga wake. Alinitolea macho, akauliza nimetumwa na nani kuja kumharibia biashara. Nikarudi mikono mitupu.

Mke wangu kalia mchana kutwa. Sikusema. Ningeanzia wapi? Baba aliita mara mbili kuuliza habari za wembe. Nikamwambia leo nyumba haikaliki, baba, kesho.

Jumatano, 5 Juni

Pete imepatikana. Kaipata Mshonaji. Kwa jino!

Alikuwa kibandani anakunywa chai na mkate, akauma, kah! Kipande cha jino la mbele kikamegeka. Akaitazama pete, akasoma majina yetu ndani yake, akaja mbio nyumbani kwetu huku kashika shavu, kabla hata ya kwenda kwa daktari wa meno. Mke wangu alimshukuru hadi akakosa maneno. Nikamshukuru na mimi, shingo upande. Yeye, kwa ule upole wake unaokera, akasema Mungu kamfundisha jambo kubwa kupitia mkate huu, na Jumapili atalisimulia.

Jamani! Aliyeficha ni mimi, aliyepata presha ni mimi, funzo anakwenda nalo yeye! Mchimba kisima huingia mwenyewe, sawa, nimekubali. Lakini mbona maji anakunywa mwingine?

Kabla ya kuondoka akaingia kumjulia baba hali. Akakaa saa nzima. Niliwasikia wanacheka. Baba hajacheka na mimi tangu alale kitandani, na hilo liliniuma, siwezi kudanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Nikafunga mlango wa sebuleni ili nifikiri vizuri.

Alipoondoka, baba aliniita. Nilikwenda hadi mlangoni. Alikuwa anajipapasa mashavu. Akasema zinamwasha, halafu akasema hana haraka, nikipata nafasi. Nikamwambia kesho, bila kukosa.

Alhamisi, 6 Juni

Siku mbaya. Niandike ilivyokuwa.

Nilikumbuka habari ya taa iliyofunikwa. Watu huisema tu kwa mdomo. Mimi nikasema nitaifanya, nione giza lake, nisikie nafsi inasema nini. Nikafunga madirisha ya sebule, nikawasha taa ya mafuta, nikaifunika na beseni la kufulia. Nikakaa gizani na kalamu mkononi.

Nafsi haikusema kitu. Beseni ndilo lililosema. Ni la plastiki! Lilianza kunuka, likalegea, likaikumbatia taa, moshi mweusi ukajaa nyumba nzima. Mke wangu akaingia na ndoo ya maji. Alizima taa, akazima na mimi, daftari likapona kwa bahati. Lakini moshi ulishapita korido hadi chumba cha uani. Baba alikohoa hadi macho yakamtoka machozi, na alikohoa hadi jioni. Kila akikohoa nilikuwa najikunja. Mke wangu alimkalisha dirishani, akampepea na ubao wa kukatia mboga, hakunitazama.

Saa kumi akatokea Mshonaji, na pengo lake. Kabeba kifuko. Ndani wembe mpya, brashi, sabuni, kioo kidogo. Akasema jana mzee alimgusia habari ya ndevu, naye anamnyoa baba yake mwenyewe kila Jumamosi, mkono umeshazoea, na anajua mimi nina kazi nyingi.

Nina kazi nyingi! Nilimwona kama ninavyokuona wewe daftari: Jumapili, madhabahuni, anasimulia alivyomnyoa mzee mgonjwa wa jirani aliyetelekezwa na mwanawe. Amina hamsini! Nikasimama mlangoni. Nikamwambia asante sana, ila baba yangu ana mtoto. Kutoka ndani baba akasema, kwa sauti ya kukwaruza, kwamba kwake yeye ni sawa tu, hata Mshonaji. Nikajifanya sijasikia. Mshonaji akasikia, lakini ana adabu. Akaacha wembe juu ya meza, akaenda zake.

Nilikusudia kumnyoa baba pale pale. Kweli nilikusudia. Lakini hasira zilinifanya mkono utetemeke, na wembe na mkono unaotetemeka si watu wa kukutana. Kesho.

Ijumaa, 7 Juni

Siku mbili kabla ya Jumapili, sina hata mstari.

Nikaona nitoke, nikatende wema kwa mgeni njiani. Wema haushindwi! Nikasimama njia panda ya sokoni tangu saa saba, nikitafuta mzee anayefaa. Saa nane akapita mmoja, mkongwe, mvi tupu, kabeba gunia la viazi begani. Roho ikaniambia huyu. Nikamnyatia kwa nyuma nisimshtue, nikalipokea gunia, nikatangulia mbio ili nilifikishe kabla hajachoka.

Sikumuuliza anakwenda wapi. Hilo ndilo kosa langu. Yule mzee ana mapafu! Alipiga yowe la mwizi likafika mwisho wa soko. Watu wakanizunguka. Nikaanza kuwaeleza habari za Funzo la Wiki, wakazidi kukasirika. Kilichoniokoa ni askari aliyepita, akanipeleka kituoni. Huko nikaandika maelezo kurasa mbili. Askari wa zamu aliyasoma yote, akaniuliza kama nyumbani nina mtu wa kunitazama. Nikasema ninaye mke, na baba mgonjwa. Akasema basi niende nikamtazame huyo baba. Hata askari hana neno la kunifaa kwa Jumapili.

Nimefika nyumbani taa zimewashwa. Baba kasinzia. Kwenye kigoda kando ya kitanda kulikuwa na bakuli la maji, sabuni, wembe, na taulo limekunjwa vizuri. Mke wangu akasema maji aliyachemsha mara tatu. Baba alikaa tayari, kainua kidevu, tangu saa tisa, kila akisikia geti linalia anauliza kama ni mimi. Nikachovya kidole. Maji baridi.

Nimemwambia mke wangu asubuhi na mapema, kabla mchungaji hajafika. Alibeba bakuli, akaenda kumwaga maji.

Jumamosi, 8 Juni

Baba amefariki.

Niliamka mapema, kama nilivyoahidi. Maji nikabandika mwenyewe. Nikasema wakati yanachemka niandike kidogo, maana sentensi ilinijia ikiwa nzuri, kuhusu gunia na mizigo ya dunia. Baba akaita. Hakuita kwa nguvu. Nikamwambia nakuja, namalizia sentensi. Nikaimalizia. Nikachukua bakuli, nikaingia, nikamwambia haya baba, kidevu juu. Akanyamaza.

Mke wangu alikuja akanishika bega. Nikasema maji yatapoa. Nikampaka sabuni, nikamnyoa. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, ilibidi niyavute kwa kidole ili wembe upite. Hapa kidevuni ana kovu dogo, sikulijua. Miaka arobaini na mitatu mimi ni mwanawe na sikulijua kovu la kidevuni kwake. Nililia hadi nikashindwa kuona ninakonyoa. Mke wangu akachukua wembe, akamaliza upande wa kushoto. Baba hakumwonea haya.

Mchungaji akafika saa nne na kimkoba chake, kikombe na mkate vimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Akamsogelea baba, akamtazama uso. Akasema mzee ametakata.

Jumapili, 9 Juni

Nilikaa benchi la nyuma. Mimi sikusimama. Mshonaji alisimama, lakini habari ya pete hakuigusa. Alitumia dakika zake tano kuliomba kanisa liishike mkono nyumba yangu. Wazee wakasema mashindano yasogezwe hadi Jumapili ijayo. Amina za leo sikuhesabu. Msibani hakuna kuhesabu. Zilikuwa thelathini na moja.

Jumatatu, 10 Juni

Tumemzika. Suti ya baba kashona Mshonaji, usiku na mchana, na hakutaka malipo. Imemkaa vizuri. Niliposhika jembe mikono ilikataa, akanipokea yeye. Nilimshukuru, na safari hii kwa moyo wote. Nimemuahidi Mungu, kaburini pale pale, nimeachana na mashindano. Mwanadamu anatakiwa awatazame walio karibu naye, basi. Nimemwambia mke wangu hivyo hivyo. Alinikamata mkono njia nzima kurudi nyumbani.

Jumatano, 12 Juni

Nimeamka alfajiri, nimeketi ghafla kitandani. Kumbe ninalo! Funzo ninalo, tena kubwa kuliko yote! Linaitwa Wembe.

Nimeandika kurasa nne bila kuinua kalamu. Nimerekebisha kidogo tu kwa faida ya wasikilizaji. Kwenye Funzo, baba ananiomba Jumatatu na ninamnyoa Jumatatu ile ile. Maji ni ya moto. Yeye yu hai, anacheka, ananiwekea mkono kichwani ananibariki. Beseni nimeliondoa. Askari nimemwondoa. Kovu nimelibakiza, ila nalijua tangu utotoni.

Mke wangu kasoma akiwa amesimama nyuma yangu. Kaenda chumba cha uani, kajifungia. Nilimfuata nikamuuliza mlangoni, taratibu, kama anaona baraka ikae kabla ya kupangusa sabuni au baada yake. Nikamsikia anafunga na dirisha. Nimeiweka baada, watu wapate nafasi ya kusema amina.

Nilipita kibandani mchana. Mshonaji alisitisha cherehani, akauliza naendeleaje. Nikamuuliza na yeye, kwa heshima zote, mzee wake anaendeleaje. Akasema hajambo, anakula vizuri, asubuhi kalima hata bustani. Nimerudi nyumbani moyo mweupe. Mtu ambaye baba yake bado analima, Jumapili atanishinda na nini?