Shilingi Iliyopoteza Bara Hindi

Habari za kutawazwa kwa Malkia zilifika Garsen siku tisa baada ya sherehe, ndani ya gazeti lililokunjwa kwapani mwa Zubeir, mchuuzi wa Kipini waliyemwita Gazeti.

"Wametoa sarafu ya ukumbusho," alisema, akikaa kwenye benchi la Mashavu, muuza kahawa. "Malkia juu ya farasi."

Adano, mfugaji wa Kiorma, aliikagua picha kama anayenunua mnyama. "Farasi sawa. Lakini mama miguu yote upande moja. Farasi ikishtuka, serikali naanguka."

"Wanawake wao ndivyo wapandavyo."

"Basi mume ashike kamba."

Hiribae alicheka, kahawa ikampalia. Mkulima huyu wa Kipokomo walimwita Benki, kwa kuwa alikusanya sarafu asizotumia, na mkewe alichoka kumwambia kwamba chumvi hainunuliwi kwa historia. Leo alikuwa na jambo lililomkaba wiki nzima. Akafungua kitambaa, akatoa shilingi mbili zenye simba.

"Hii ya arobaini na sita, hii ya arobaini na nane. Tazameni upande wa mfalme."

"Amekonda?" Mashavu aliuliza.

"Maneno yamepungua. Mwalimu wa misheni Golbanti alinisomea hicho Kilatini. Ya kwanza yasema mfalme, tena mtawala wa Bara Hindi. Ya pili yasema mfalme, basi."

"Hindi naenda wapi?" Adano akauliza.

"Ilipata uhuru. Wakaifuta."

"Bila kelele?"

"Kimya. Na shilingi yanunua sukari vilevile."

Gazeti akashusha sauti. "Na sisi tumeandikwa wapi?"

Benki akageuza sarafu. "Afrika Mashariki. Hapa, chini ya simba."

"Nayo yafutika?"

"Nani anafuta nini?"

Alikuwa askari wa DC, amesimama nyuma yao na tumbaku mkononi. Nchi ilikuwa katika hali ya hatari, na fundi mmoja wa baiskeli alipelekwa kuhojiwa kwa maneno machache kuliko haya, hajarudi.

"Serikali, afande," Hiribae akajibu. "Imefuta yenyewe."

Askari alizilinganisha shilingi juani, midomo ikifuata herufi moja moja. Mwishowe akazirudisha, akatazama barabara kushoto na kulia.

"Ya Malkia ikitoka," akasema polepole, "niletee mimi kwanza. Nione kilichofutwa."