Uzinduzi wa Kituo cha Kupoza Kadi, Nyalenda, Kisumu

Mwakilishi wa Mheshimiwa aliyetuma udhuru, Mzee wa Mtaa, maaskofu kwa wingi wenu, akina mama wa viti vya mbele, na vijana mlioketi juu ya mabomba ya maji ambayo pia tutayazindua siku nyingine: itifaki zote zimezingatiwa, na ile iliyosahaulika naomba ijizingatie yenyewe. Oyawore uru, yaani habari za asubuhi! Nimesema, oyawore uru! ("Oyawore ahinya!") Hapo sawa.

Mimi, Mhandisi Fabian Opiyo, Daktari mtarajiwa, Mwenyekiti wa Kamati Tendaji ya Kupoza Kadi za Grafiksi, kamati niliyoiunda kwa unyenyekevu wangu mwenyewe, nasimama hapa kutangaza kwamba, kupitia mkakati jumuishi, fizibiliti stadi mbili, yaani tafiti za uwezekano, na safari ya benchimaki, ya kujifunza kwa wenzetu, niliyojitolea kwenda Dubai, tumegundua kuwa kadi ya grafiksi, yaani kile kipande kinachochora picha ndani ya kompyuta, ikipozwa vizuri huongeza maisha yake kwa asilimia mia moja na kumi na nne. (Makofi.) Ngojeni kwanza, bado sijafika kwa pointi.

Tazameni skrini! Kituo chetu: orofa nne, vioo vya samawati, feni kubwa za kuvuta upepo wa ziwa, na bustani yenye swara wawili. ("Swara, Nyalenda?") Ndiyo, mama, swara. Na mnaona vile feni zinazunguka? Zimezunguka hivyo tangu asubuhi kwenye kompyuta ya Emmaculate, binti yetu anayewachapia watu programu za matanga, vile vijitabu vya ratiba ya mazishi, kule Kibuye, ambaye ameileta kwa hiari baada ya kuambiwa ailete. (Vicheko. Emmaculate anainuka: "Mzee, feni yangu imesimama, kadi inachemka! Wacha nizime nitoe vumbi. Niko na programu ya marehemu Owiti kinyozi, na mazishi ni kesho.")

Keti, binti yangu. Vumbi liko awamu ya tatu. ("Ikiungua sina ingine, Mzee!") Na ndiyo maana ya Kituo! Ukipata shida kama hiyo unaleta kadi orofa ya pili, wataalamu wanaipoza, wewe unakunywa chai. ("Orofa ya pili ya wapi?") Si hiyo hapo! Kwenye skrini! (Skrini inazima. Harufu ya plastiki.)

Jamani, nani amezima Kituo?

(Emmaculate anafungua kompyuta, anapuliza vumbi, machozi yanamlengalenga. Akina mama wanaipepea kadi kwa brosha za mradi.) Mnaona! Brosha zangu zimeanza kazi! (Skrini inawaka. Ni uso wa Owiti kwenye jalada la programu yake, anatabasamu. Watu wote wanasimama, kofia zinavuliwa. Emmaculate: "Mzee, kadi itabeba moja tu. Kituo chako ama Owiti?")

Ahem. Kaulimbiu ya mradi! Nikisema "Kadi poa", mnajibu "Kisumu poa". Kadi poa! (Macho yote yako kwa Owiti.) Kisumu poa! (Mtu anakohoa.)

Basi, kwa kumalizia, erokamano, yaani asante, kwa wote, na hasa kwa Emmaculate, kwa kukikaribisha Kituo ndani ya kompyuta yake, maana, tuseme ukweli, hakuna mahali pengine kimewahi kukaa. Mwachie Owiti skrini, binti yangu. Yeye angalau aliishi hapa.