Mimi, Gulrez na Ukuta wa Imambara

Jumatatu, 3 Novemba
Nina hasira mpaka kebabu haipiti kooni. Bibi Mathur, mwenye kampuni ya utalii huko Delhi, yuko Lucknow kuchagua mtu mmoja wa kuwatembeza wageni wake Imambara, lile jumba letu kubwa la kale. Mmoja tu. Mimi au Gulrez, yule mvaa koti jeupe anayewasomea watu mashairi yasiyo na vina! Nikikosa, narudi kuuza kanzu za tarizi dukani kwa shemeji, ambaye hutaka nimwite bosi. Heri kufa. Mpango: kesho, mbele ya Bibi Mathur na wageni wake, namtangulia Gulrez kuingia kwenye mzingile wa ghorofani, ule wa vijia vinavyopoteza watu. Anayetangulia ndiye kiongozi. Mke wangu Nuzhat kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimemjibu kwamba sichimbi kisima chochote.

Jumanne, 4 Novemba
Balaa. Mlangoni Gulrez kainama, kasema nitangulie, jenabi. Ningefanyaje? Mtu wa Lucknow hampiti mwenzake kama ng'ombe. Nikasema la hasha, yeye kwanza. Akasema haiwezekani, mimi ni mkubwa wake. Mkubwa, nyoo! Tumezaliwa mwaka mmoja. Tukabembelezana hapo mpaka jasho likatutoka. Kugeuka, wageni hawapo. Wamechoka kungoja, wameingia wenyewe, wamepotea. Tuliwasikia wakiitana gizani. Bibi Mathur aliibukia paani na utando wa buibui kichwani. Kasema kesho ndiyo mwisho.

Jumatano, 5 Novemba
Gulrez kawahi wageni, kawapeleka kwenye roshani ya ukumbi mkubwa. Sawa. Nikajibanza upande wa pili kabisa wa roshani na Ramdin, bawabu, nikamnong'oneza awaambie wageni kwamba Gulrez haoni vizuri na majuzi kapotea mzingileni na maharusi. Nikaongeza kwamba Bibi Mathur mwenyewe ana akili za nyati.

Kumbe Gulrez ndiyo kwanza kawanyamazisha, wategee sikio ukutani, wasikie jinsi hata mlio wa kiberiti kikiwashwa upande wangu unavyofika kwao. Wamesikia yote. Na mimi nimewaonyesha watu ukuta huo tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi! Bibi Mathur kazunguka roshani hadi nilipo, kaniuliza mbele ya watu kama nyati anaweza kupita. Gulrez kapata kazi.

Alhamisi, 6 Novemba
Gulrez kaja nyumbani na halua. Kwa upole wake wa kuchefua, kasema anahitaji mtu wa kuwasha kiberiti kule mwisho, kama jenabi hataona vibaya. Mimi, mwasha kiberiti! Nikamwambia heri nile majani. Nuzhat akauliza kama amwite shemeji. Nimekubali kiberiti.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimepata mpango usio na tundu. Kesho Gulrez akivua viatu getini, Ramdin anavificha, na Bibi Mathur anampokea akiwa peku barabarani. Nimemweleza Ramdin leo hatua kwa hatua, nikiwa pale pale pangu na kiberiti, mdomo karibu na ukuta ili watu wa chini ukumbini wasisikie. Gulrez hatajua kilichompata. Kilichonikera ni wageni wa upande wa pili, wamepiga makofi na kucheka, na kiberiti chenyewe nilikuwa sijakiwasha.