Mbao Zimeng'olewa, Vishikwambi Viko Njiani

Ubao wa mwisho wa shule moja ya msingi katika sekta ya Giheke uling'olewa Jumatatu, alithibitisha Nyiransabimana, mwalimu wa darasa la sita, ambaye wanafunzi wake wanaanza mtihani wa taifa tarehe 9 Julai. Siku iliyofuata Bwana Twagirayezu, mratibu wa mradi wa vishikwambi, aliwahutubia wazazi shuleni hapo. Alisema hivi:

"Mheshimiwa mwakilishi wa mgeni rasmi, waheshimiwa mlioomba radhi kwa kutofika na ninyi ambao barua zenu za radhi bado zinachapwa, mapadri, mashehe, wachungaji, bazee, ba Papa na ba Maman, nanyi wanafunzi mlioko juani, nasimama hapa kwa unyenyekevu ambao wengi wameusifu, kutangaza kwamba mkakati mtambuka wa digitalizesheni umetekelezwa kwa asilimia mia moja na nne. (Makofi, meza kuu.)

Wapo wanaonung'unika kwamba tumeua mafundisho ya kale. Sera ya elimu inadai uwiano kati ya kale na kisasa, nasi tumeupima: mafundisho ya kale yana sehemu mbili, ubao na mwalimu, tumeondoa ubao, tumebakiza mwalimu. Isitoshe, wanafunzi 312 wamefuzu kozi ya kugusa kioo, wakitumia vipande vya katoni vilivyokatwa kwa vipimo vya kimataifa. (Minong'ono. Mzazi mmoja, Maman Mwavita, muuza vitenge wa soko la Kamembe, anasimama: 'Papa Mratibu, hizo tablete ziko wapi? Mwalimu anaandikaka hesabu ku mulango. Muntu akifungua, hesabu inatoka inje.')

Namshukuru mama yetu, maana amefichua mafanikio ambayo hata ripoti yangu haikuyaona: mlango unaoguswa na watoto wote kila siku ni kioo cha kwanza cha kugusa katika wilaya hii, na ninaagiza ung'olewe leo upelekwe kwenye maonyesho. (Kicheko. Kinakatika mafundi wawili wanapotoa bisibisi. Mwalimu Nyiransabimana anaegemeza mgongo mlangoni, anasema hatoki.)

Mwalimu, pisha maendeleo. Kidole ndicho kalamu! Chaki ni vumbi! Namalizia kwa kuishukuru kamati iliyobuni jina la mradi, fundi aliyechora nembo, na mfadhili, yeyote yule atakayepatikana. Mkutano wa kuamua iwapo mradi uanzishwe utafanyika Kamembe tarehe 22 Julai, saa tatu asubuhi. Mpaka siku hiyo mbao zitabaki boharini."