Njiwa wa Kwaya na Mfumo Mpya

Jumatatu, 4 Machi

Mtaa huu hauna kompyuta isiyonijua. Nikipita dirishani zinajiwasha zenyewe, bosi kafika. Shule niliiacha mapema kwa hiari yangu, ili walimu wasizidi kujisikia vibaya.

Leo nimeamua kumpa Shangazi zawadi. Sebuleni ana kompyuta, na ndiyo inayoiambia mashine ya kutarizi ichore nini na kwa uzi gani. Ya zamani. Inakoroma. Kila asubuhi inatoa ujumbe kwamba mfumo endeshi wake umepitwa na wakati, usasishwe. Shangazi huufunga ujumbe huo papo hapo, kama anavyonifunga mimi mdomo. Kazi yangu humu ndani ni kukata nyuzi zinazoning'inia. Mtu wa kiwango changu, na mkasi mkononi!

Kwa hiyo alipotoka kwenda kununua uzi, nikabonyeza KUBALI. Mfumo mpya ukaanza kujiweka. Asilimia zikapanda vizuri. Maandishi yakasema nisizime kompyuta. Sikuizima. Nikatumia muda huo kupiga pasi shati langu jeupe, maana fundi hupokea pongezi akiwa nadhifu. Sebuleni soketi ni mbili tu, ya kompyuta na ya mashine, lakini mimi si mtu wa kushindwa na soketi.

Niliporudi kutoka kujitazama kwenye kioo, skrini ilikuwa nyeusi ti. Katikati, vidoti vinazunguka. Mfumo wa kisasa hautaki papara. Unawaza kwanza.

Shangazi akarudi, akauliza kompyuta ina nini. Nikasema inapumzika. Akasema haina ruhusa ya kupumzika: majoho ya kwaya yanatakiwa Ijumaa, mashindano ni Jumamosi, na njiwa wa kutariziwa kifuani yumo humo ndani na hayumo kwingine kokote.

Nikamtuliza. Njiwa haendi popote.

Jumanne, 5 Machi

Vidoti vimechoka. Sasa yanatokea maandishi: imeshindikana, inarudisha hali ya awali. Inazima. Inawaka. Vidoti. Imeshindikana. Nimeitazama mpaka nikaanza kuzunguka na mimi.

Uchunguzi wangu wa kitaalamu: vumbi. Nimefungua kasha kwa bisibisi, nikapuliza kwa mdomo. Vumbi lote likahamia machoni. Nilipofunga, skrubu tatu zikabaki. Sawa tu. Kompyuta nyepesi hukimbia zaidi.

Haikukimbia.

Shangazi akasema atamwita Matai. Huyu ni binamu yangu, mtoto wa mjomba, tunamwita hivyo kwa sababu huvaa tai hata akitumwa chumvi. Anafanya kazi duka la kutoa kopi. Amesomea kompyuta chuoni, na bado huwa anauliza kabla ya kubonyeza. Nikamwomba Shangazi asituaibishe, anipe mpaka kesho.

Shangazi akaokota uzi sakafuni. Kisha akasema kwaya hii ameihangaikia tangu fundi wa barabara ya pili alipomnyang'anya sare za shule. Ikiondoka nayo, basi, atarudi kupunguza suruali za watu. Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata dawa. Kama njiwa kakwama ndani ya kompyuta, si tunachora mwingine? Nikachukua joho moja, nikamchora kwa chaki, nikamshona kwa mkono. Nilijidunga vidole vyote isipokuwa kimoja, na hicho ni kwa sababu nilikuwa nimekiweka mdomoni.

Saa hiyohiyo akaingia Mama Kwaya, kiongozi wao, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha basi. Amekuja kutazama kazi imefika wapi. Akalishika joho, akaligeuza juu chini, akauliza huyu ni kuku au ni birika. Nikamweleza kwamba ni njiwa wa kisasa, katazama pembeni. Akasema basi na waimbaji wake watatazama pembeni, maana wakikitazama hicho wakati wa kuimba hakuna atakayefika ubeti wa pili. Akaongeza kwamba kesho jioni atapita tena, na akikuta kuku, atayabeba majoho yake kwenda barabara ya pili.

Shangazi alicheka kidogo habari ya birika. Halafu cheko likakatika. Akachukua simu akampigia Matai.

Alhamisi, 7 Machi

Matai kaja. Tai ya mistari. Swali lake la kwanza: je, umeme ulikatika wakati mfumo unajiweka? Nikajibu kwamba umeme wa mtaa huu hauaminiki. Huo si uongo, muulize yeyote. La pili: skrubu za kasha ziko wapi? Nikazitoa mfukoni. Nilikuwa nazihifadhi.

Akachomoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake ya mkononi, akapekua. Shangazi alisimama nyuma yake, ameshika pindo la joho kama anayeshika mkono wa mgonjwa. Ghafla njiwa huyo hapo, mabawa wazi. Shangazi akakaa kwenye stuli, akajifuta uso kwa pindo lilelile. Nikawakumbusha kuwa tangu Jumatatu nilisema njiwa haendi popote. Shangazi akanipa mkasi wangu.

Kisha Matai, kwa ule ugonjwa wake wa kueleza mambo, akasema hata mfumo mpya ungeingia salama, mashine ya kutarizi isingeutambua. Ni ya zamani, inaelewana na mfumo wa zamani tu. Shangazi akasema anajua, aliambiwa siku alipoinunua. Ndiyo maana kila asubuhi anausoma ule ujumbe na kuukataa.

Kumbe huwa anausoma.

Matai akarudisha mfumo wa zamani kwa flashi aliyokuja nayo. Akaomba asiwepo mtu wa kugusa soketi mpaka amalize. Alikuwa akinitazama mimi. Wivu.

Mama Kwaya alipopita jioni, mashine ilikuwa kifuani mwa joho la kwanza. Akasimama akalitazama mpaka bawa la pili likaisha, akaondoka bila kusema neno. Kwa mtu wa sauti ile, hiyo ni sifa.

Ijumaa, 8 Machi

Mashine imeimba kutwa. Mimi na mkasi wangu, nyuzi, nyuzi, nyuzi. Majoho yote yametoka. Lile la kuku halikuwa na muda wa kufumuliwa, kwa hiyo Mama Kwaya kalipangia mzee wa besi anayesimama nyuma. Ana ndevu za kufika tumboni.

Jumamosi, 9 Machi

Kwaya imetoka ya pili. Mama Kwaya kaleta oda ya skafu. Shangazi amefurahi mpaka kaniwekea kipande kikubwa cha nyama.

Tukila, akauliza taratibu, kama anayeulizia chumvi, siku ile pasi niliichomeka wapi. Nikasema kwa jirani. Akasema jirani kasafiri wiki ya pili sasa. Nikaomba maji.

Kinyozi wa kona amesikia sifa zangu, kutoka kwangu. Kompyuta yake nayo inatoa ujumbe uleule. Nimemwambia asihangaike na watu wa tai, Jumatatu nitakuwepo. Kinyozi ana soketi moja tu, lakini nitaangalia.

Humu nitaandika ukweli, maana mwandiko wangu Shangazi hausomi, na siku nyingine hata mimi siusomi. Kompyuta niliichomoa mimi. Ilikuwa imefika asilimia themanini na kitu. Nilichomoa, nikapiga pasi, nikarudisha plagi vizuri kabisa. Ningechomoa mashine, iliyokuwa imekaa bure, yasingetokea haya. Lakini soketi yake iko nyuma ya kabati, na ningeinama, suruali ingejikunja.

Hilo ndilo kosa, na ni hilo moja tu. Shati la Jumatatu nimeshalifua. Pasi nimeiweka mkobani.