Picha Moja kwa Skrini Zote

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Cheo cha mkuu wa kompyuta hapa kiwandani, Thika, kiko wazi. Tunakitaka wawili: mimi na Nzilani. Ijumaa Madam Amrita, mwenye kiwanda, atahutubia idara zote kupitia skrini, kisha atangaze jina. Nimemwahidi mambo ya kisasa. Kompyuta itatuma picha mara moja tu. Swichi ya mtandao, kisanduku kinachounganisha mashine zetu zote, itazigawia skrini zilizojiunga na kundi la kutazama. Nzilani akauliza kama swichi yetu inajua nani amejiunga. Nikamwambia swichi si mtoto.

Jumanne, 4 Novemba
Haijui. Leo nimejaribu, ikamwagia kila mashine picha: printa, mizani, hata kifaa cha kufungulia geti. Mtandao ukasongwa. Geti likakataa kufunguka, zamu ya asubuhi ikanyeshewa nje. Nikamwambia Madam ni panya wametafuna waya. Akaagiza paka.

Alhamisi, 6 Novemba
Nzilani ameifundisha swichi kusikiliza. Sasa picha inafikia skrini zilizoiomba pekee. Inaniuma. Tena ameiweka ruta, kifaa kinachotuunganisha na mitandao ya nje, iwe inaziuliza skrini kila mara kama bado zinatazama. Eti zisipoulizwa hazijibu, na swichi itazisahau. Skrini zijuliwe hali kama wagonjwa? Alipoenda lunch nikayazima maswali yake. Nikajaribu dakika moja. Picha safi. Nikamwambia Madam kazi yote ni yangu.

Ijumaa, 7 Novemba
Nilikaa kantini na shati jipya. Dakika chache tu za hotuba kwenye skrini, Madam akafika kwenye maneno, “Na mkuu mpya wa kompyuta ni…”

Giza. Skrini zote.

Nikasimama, nikapunga mkono. Kantini nzima ikapiga makofi. Mwas wa stoo akanikumbatia. Nilikuwa namshukuru mama yangu wakati Wangechi, sekretari, alipotoka ofisini kwa Madam. Akaniambia polepole, “Muriithi, keti. Ni Nzilani.”

Eti Madam aliamua tangu Jumanne. Nimejifungia chooni hadi zamu ikaisha.

Jumatatu, 10 Novemba
Nzilani amegundua nani alizima maswali. Hakunigombeza. Alisema tu, “Siku nyingine niulize.” Afadhali angenigombeza.

Sasa Madam anataka hotuba ifike ghala letu la Ruiru. Nzilani anasema picha ya kundi haivuki ruta mpaka ruta zote mbili, yetu na ya Ruiru, zionyeshwe njia, kwa hivyo tungoje wiki ijayo. Wiki ijayo asifiwe tena? Nimempigia Githae, meneja wa Ruiru. Kesho asubuhi awakusanye watu wote mbele ya skrini. Nzilani hajui. Picha ikishatoka Thika, itaishia wapi kama si Ruiru?