Semina ya Kuku Wenye Ukungu

Je, wewe umewahi kuona kuku amealikwa semina, akawekewa na kiti? Basi sikia ya Nakivale, kambi ya wakimbizi kule Uganda, upande wa Juru.

Tangazo lilitoka kwenye kipaza sauti juu ya gari: Kurugenzi ya Muda ya Mafuta ya Kunukia Dhidi ya Ukungu wa Kuku, makao makuu Mbarara, itazindua tiba ya asili. Kwa kuwa mlengwa wa mradi ni kuku, kuku ndiye atakayehudhuria. Kila kuku aje na kijiko chake cha mafuta ya kupikia, ya kuzimulia dawa. Wenye kuku watasimama nyuma na hawatauliza maswali.

Bibi Mukandoli aliona maneno hayo yana akili. Undu wa jogoo wake, ile nyama nyekundu ya kichwani, ulikuwa mweupe pe, umekauka kama umemwagiwa unga wa muhogo, na Jumamosi jogoo huyo alikuwa apelekwe kwa wakwe wa mjukuu wake. Kumpelekea mkwe jogoo mwenye ukungu kichwani, afadhali ulale nyumbani. Akamwosha miguu, akamfuta kucha moja moja, akamkalisha kiti cha mbele.

Mkurugenzi, Bwana Rwomushana, alishuka garini na suti ya kijivu, kichupa cha mafuta ya mchaichai mkononi. Kanuni ilikuwa wazi: tone la kwanza hupakwa na Mkurugenzi mwenyewe. Alipowaona wahudhuriaji, akasimama palepale. Akahutubu kwa mbali. Akarudi nyuma kidogo, akahutubu tena.

"Kuku wapendwa, Kurugenzi iko pamoja nanyi."

Kuku wakamtazama kwa jicho moja moja, kama kawaida yao.

Kisha akafungua kichupa, akakipunga hewani. Larissa, mkalimani, akaeleza kuwa hiyo ni tiba ya masafa. Upepo ulikuwa unaelekea Ngarama, ambako kuku hawakualikwa.

"Larissa mwanangu," akaita Mukandoli, "ule mukubwa atapaka saa ngapi? Jogoo yangu inasinzia."

"Vumilia, mama. Tuko mu hatua ya harufu."

"Harufu itapita fasi gani? Ukungu iko ku kichwa, haiko ku pua!"

Watu wakaangua kicheko. Mukandoli akambeba jogoo, akampelekea Mkurugenzi ili kumrahisishia kazi. Mkurugenzi akapanda kiti. Mukandoli akanyoosha mikono. Mkurugenzi akapanda meza kuu, katikati ya soda. Jogoo akadhani huo ndio utaratibu, akaruka naye juu.

"Nyabo, mama wewe, toa hiyo kitu! Toa!"

"Kitu gani, bwana mukubwa? Huyu ni mulengwa wako!"

"Mkurugenzi anaomba umbali wa kitaalamu," Larissa akatafsiri.

"Hapana umbali! Inaniangalia!"

"Inakuangalia kwa heshima. Funga kichupa, utupe huku. Nitaikamata," akasema Mukandoli.

Kichupa kikaruka, Mukandoli akakidakia kwenye kitenge. Akatia tone katika kijiko chake cha mafuta, akakoroga kwa kidole, akampaka jogoo mezani palepale, kila jino la undu, polepole, mkono wa kushoto umemshika kifua. Jogoo akafumba macho.

"Na wewe, baba, shuka sasa. Lakini mutu anaogopa kuku, nani alimupatia kazi ya kuku?"

Mkurugenzi akaketi pembeni ya meza, akafuta jasho kwa karatasi ya hotuba yake. Mstari wote wa mbele ukatulia kumsikiliza.

"Mama," akasema, "mimi niliomba kazi ya samaki."